Mzee ameanza dawa ya sonona, wiki ya pili anapepesuka na kuchanganyikiwa: pimeni sodiamu kabla ya kusema ni uzee

#1 Mfamasia wa Zamu

Habari za jioni wanajamvi.

Uzi huu ni kwa wenye mzazi, babu au bibi aliyeanzishiwa dawa ya sonona, hasa kama amevuka miaka 65. Dawa hizi zina athari moja ambayo wataalamu wanaifahamu kwa miaka mingi, ina kipimo cha damu cha kawaida kabisa, na ikiwahiwa inatibika vizuri. Tatizo ni kwamba dalili zake zinafanana mno na uzee. Mzee anapepesuka, anasahau, analala mchana kutwa, na nyumba nzima inasema umri umeenda. Wengine wanaanza kutafuta mchawi. Kumbe sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, imeshuka.

Nafanya kazi famasi, na jambo hili linaniuma kwa sababu familia inaweza kuhangaika wiki nzima, huku na huko, kwa swali ambalo maabara ingelijibu siku hiyohiyo.

Dawa zinazohusika zaidi ni fluoksetini, sertralini, sitalopramu, esitalopramu na paroksetini. Jirani zao ni venlafaksini na duloksetini. Fluoksetini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani pamoja na amitriptilini, ndiyo maana hizo mbili wengi mnazijua. Angalieni pakiti, au mpelekeeni mfamasia awasomee.

Sodiamu ya kawaida ni 135 hadi 145 (namba zote humu ni milimoli kwa lita). Ikiwa kati ya 130 na 134 imeshuka kidogo, 125 hadi 129 imeshuka kiasi, chini ya 125 imeshuka sana. Lakini msiishie kwenye namba. Mzee ambaye sodiamu yake imeshuka polepole kwa miezi anaweza kukaa na 128 akaongea na wewe vizuri tu, na mwingine aliyeshuka ghafla hadi hapohapo akaanza kutapika na kupoteza fahamu. Kasi ya kushuka ina uzito wake.

Sasa dawa ya huzuni inaingiaje kwenye chumvi ya damu? Dawa hizi huongeza kemikali iitwayo serotonini kwenye ubongo. Serotonini hiyohiyo inaichochea tezi ndogo iliyo chini ya ubongo itoe homoni iitwayo ADH, ambayo kazi yake ni kuiambia figo izuie maji yasitoke na mkojo. Homoni ikizidi, mzee anakunywa maji kama kawaida yake lakini figo haiyaachii. Ni kama mchuzi ulioukolea vizuri, mtu akaja kuumwagia maji: chumvi iliyomo ni ileile, ila ladha imepotea. Kwa hiyo wengi wa wagonjwa hawa hawajapungukiwa chumvi mwilini. Wamezidiwa maji. Naomba mlishike hili, kwa sababu ndilo linaloamua nini kifanyike na nini kisifanyike.

Kwa nini wazee? Figo ya mzee haina tena uwezo ule wa kutoa mkojo mwepesi wenye maji mengi. Wanawake wazee, na hasa wenye mwili mdogo, wako kwenye hatari zaidi. Halafu kuna jambo la chakula ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Mtu mwenye sonona hamu ya kula imekwisha. Asubuhi chai, mchana uji, jioni chai tena na kipande cha mkate. Figo inahitaji chumvi na protini za kwenye chakula ili iweze kusukuma maji nje. Mzee wa chai na uji figo yake haina cha kusukumia, kwa hiyo anaanza dawa akiwa tayari ukingoni. Na kama ana presha, nyumbani wameshampunguzia chumvi miaka kadhaa.

Presha yenyewe ndiyo inanileta kwenye jambo ninalolitazama kwanza nikishika cheti cha mzee. Wazee wengi wa presha wanatumia dawa za kukojoza: haidroklorothiazaidi, bendrofluazaidi, indapamaidi. Nyingine zimefichwa ndani ya vidonge vya mchanganyiko, pale ambapo jina la dawa ya presha linafuatiwa na herufi H. Dawa hizi peke yake zinaweza kushusha sodiamu. Ukiziweka pamoja na fluoksetini au sertralini kwa bibi wa miaka 75 mwenye kilo 45, hatari inapanda sana. Na mara nyingi mwandishi wa dawa ya presha na mwandishi wa dawa ya sonona ni watu wawili, vituo viwili, kila mmoja na cheti chake. Anayeziona zote mbili ni mtoto anayempangia mzee vidonge asubuhi.

Dalili: kichefuchefu, kichwa kuuma, uchovu usioelezeka, misuli kukaza, kupepesuka akitembea, kuanguka, kusinzia, kuchanganya majina ya watu na siku. Ikizidi sana, degedege na kupoteza fahamu. Na hata kushuka kidogo tu, kule ambako watu hukuita hakuna dalili, kunamharibia mzee mwendo na umakini kiasi cha kumwangusha. Mzee akianguka akavunjika nyonga mnajua wenyewe mambo yanavyokuwa.

Muda: mara nyingi hutokea ndani ya mwezi wa kwanza, na wiki mbili za mwanzo ndizo za kuangaliwa sana. Utafiti uliofanywa Pittsburgh, Marekani, ukachapishwa 2004, uliwafuatilia wagonjwa 75 wa miaka 63 hadi 90 walioanzishiwa paroksetini. Tisa kati yao, yaani asilimia 12, walishuka sodiamu, na kwa wastani ilichukua kama siku tisa tu. Wenye miili midogo na waliokuwa na sodiamu ya chini tangu mwanzo ndio walioathirika zaidi. Tafiti nyingine zimetoa viwango vya chini zaidi na vya juu zaidi, inategemea nani kapimwa na namna alivyopimwa.

Ninachoomba ni hiki. Mzee akiandikiwa dawa hizi, ombeni apimwe sodiamu kabla ya kuanza, kisha tena baada ya wiki mbili hivi, na tena dozi ikipandishwa. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, katika mwongozo wao wa dawa za kutumia kwa tahadhari kwa wazee, wanasema wazi sodiamu ifuatiliwe wakati wa kuanza dawa hizi au kubadilisha dozi. Hapa kwetu kipimo kinaitwa elektrolaiti. Zahanati nyingi hazina mashine, lakini hospitali za mikoa, za rufaa na maabara nyingi za binafsi wanapima. Mwenye miaka 60 na kuendelea aulizie dirisha la wazee.

Msimwachishe mzee dawa kwa sababu ya uzi huu. Nitaeleza mkiuliza.

#2 Kando ya Ziwa

Dada Mfamasia, umenigusa. Bibi yetu Mwanza aliandikiwa sertralini baada ya babu kufariki, maana alikuwa hali, haongei, analia usiku. Baada ya muda si mrefu akaanza kuniita kwa jina la marehemu baba yangu. Shangazi akasema huyo anamwona babu, anataka kumfuata. Tukaitisha maombi. Ni kijana mmoja wa maabara, jirani tu, aliyesema mpimeni damu. Sodiamu ilikuwa 121. Alilazwa, dawa ikasimamishwa, na akili yake ikarudi. Sasa anatumia dawa nyingine na anakula vizuri.

Swali langu: wakati ule kila mtu alikuwa anasema mpeni chumvi. Wengine ORS, wengine dafu. Ingekuwa sawa?

#3 Mfamasia wa Zamu

@Kando ya Ziwa pole sana kwa msiba, na huyo kijana wa maabara Mungu ambariki.

Kwa 121 na kuchanganyikiwa, mahali pake ni hospitali tu, mlifanya sawasawa. Kuhusu chumvi, rudini kwenye mchuzi wangu. Tatizo ni maji kuzidi. Kijiko cha chumvi mdomoni kitamtia kiu, atakunywa zaidi, na kama ana presha au moyo unasumbua mtakuwa mmeanzisha tatizo jingine.

ORS ni nzuri mno kwa anayeharisha. Lakini ORS ya sasa ya Shirika la Afya Duniani ina sodiamu 75 kwa lita, na damu ya bibi ilikuwa na 121. Lita moja ya kinywaji chenye sodiamu chache kuliko damu yake, kwa mtu ambaye figo imegoma kutoa maji, inaweza kumshusha zaidi. Dafu ndiyo kabisa: lina potasiamu nyingi, sodiamu kidogo, na lililobaki ni maji. Watu wa pwani tunalipenda kwa mgonjwa, lakini kwa huyu hapana.

Mara nyingi hospitali inachofanya ni kusimamisha dawa inayohusika na kupunguza maji ya kunywa, mara nyingine hadi lita moja au chini kwa siku, kwa maelekezo ya daktari. Mwenye degedege au aliyepoteza fahamu anapewa chumvi nzito ya mshipa, asilimia 3, kwa vipimo vidogo huku anaangaliwa kwa karibu.

#4 Mtaa wa Saba

Kwa heshima zote, mimi naona wazee wetu hawakuwa na hizi sonona. Mzee akiwa na huzuni anakaa na wajukuu, anaenda msikitini au kanisani, inaisha. Tunawajazia vidonge halafu tunashangaa vinawadhuru. Si bora waache tu?

#5 Mfamasia wa Zamu

@Mtaa wa Saba nakujibu kwa moyo mweupe, maana najua wengi wanafikiri hivyo.

Wajukuu, ibada na majirani ni tiba ya kweli, wala sibishi. Kwa huzuni ya kawaida vinatosha. Lakini sonona ni ugonjwa. Mzee mwenye sonona anaacha kula, anaacha kumeza dawa za kisukari na presha, anakonda, na wapo wanaojitoa uhai kimyakimya ndani ya nyumba iliyojaa wajukuu. Hawa dawa inawarudisha. Na wengi wanaozitumia hawashuki sodiamu hata siku moja.

Kuacha ghafla nako kuna shida zake: kizunguzungu, kukosa usingizi, kichefuchefu, hisia za shoti ya umeme kichwani, na sonona yenyewe kurudi kwa nguvu. Paroksetini na venlafaksini zinaongoza kwa hilo. Anayetakiwa kuacha, aache kwa mkono wa daktari. Ninachopigania hapa ni kipimo. Tupime, tujue, halafu ndipo tuamue.

#6 Tabibu wa Wilaya

Uzi mzuri. Naongeza kutoka upande wa wodini.

Msiilaumu dawa ya sonona peke yake haraka. Nimonia, kifua kikuu na malaria navyo vinashusha sodiamu, na kwa mazingira yetu huwezi kuviruka. Kuharisha na kutapika pia. Moyo, ini au figo zikidhoofu, hali kadhalika. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na tezi za juu ya figo. Dawa ya kifafa karbamazepini ni maarufu kwa jambo hili. Kwa hiyo mkija, njooni na mfuko mzima wa dawa, pamoja na za maumivu na zile mlizonunua wenyewe dukani.

Kwa wenye kisukari: sukari ikiwa juu sana inavuta maji kuingia kwenye damu na namba ya sodiamu inashuka. Sukari ipimwe pamoja na sodiamu, la sivyo unatibu kivuli. Na damu isichukuliwe kwenye mkono wenye dripu, majibu yatakuwa ya dripu.

Jambo la dripu lina uzito wake. Mzee akiletwa dhaifu, mazoea ni kumtundikia chupa. Dripu ya glukosi asilimia 5 kwa mgonjwa huyu ni kumwongezea maji matupu. Hata ile ya chumvi ya kawaida, kwa aliyezidiwa na ADH, inaweza kumshusha zaidi: figo inaitoa chumvi na kubaki na maji. Ndiyo maana tunapima na mkojo kabla ya kuamua.

Na kupandisha haraka ni hatari vilevile. Sodiamu iliyokuwa chini kwa siku kadhaa hairuhusiwi kupanda zaidi ya 8 hadi 10 ndani ya saa 24. Ubongo umeshaizoea hali ile. Ukiuvuta kwa kasi, utando unaofunika mishipa ya fahamu unaharibika, mgonjwa anaweza kupooza, kushindwa kuongea au kumeza, na dalili hizo huja siku kadhaa baadaye wakati ndugu wanashangilia kuwa amepona. Madhara hayo yalielezwa mara ya kwanza 1959. Kwa hiyo ndugu mkiona daktari anaenda taratibu na anarudia kuchukua damu kila baada ya saa chache, msimwone mzembe.

#7 Mtunza Wazee

Nawasalimu kutoka Uingereza. Kazi yangu ni kutunza wazee, huu mwaka wa kadhaa sasa. Sertralini na sitalopramu huku wazee wengi wanazo. Kitabu cha dawa wanachotumia madaktari wa huku kinasema moja kwa moja kwamba mtu yeyote anayetumia dawa ya sonona akipata usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au degedege, wafikirie sodiamu.

Nyumba za wazee huku tunasisitizwa sana tuwanyweshe maji, kwa sababu wazee wanasahau kunywa na wanapata maambukizi ya mkojo. Ni agizo zuri. Lakini mzee akichanganyikiwa, wazo la kwanza la kila mtu ni mkojo, basi anajazwa vinywaji bila kipimo. Kuna mama mmoja tuliyekuwa tunampa kikombe baada ya kikombe naye anazidi kusinzia, hadi mwuguzi alipogundua kuwa ni wiki ya tatu tu tangu aanze sitalopramu. Damu ikaonyesha. Tangu hapo nikiona mabadiliko naangalia tarehe ya dawa mpya kabla sijashika jagi.

Kwa mlio nyumbani: andikeni tarehe mzee alipoanza kila dawa, hata nyuma ya kalenda ya ukutani.

#8 Mfamasia wa Zamu

@Mtunza Wazee hilo la tarehe ni dhahabu. Mzee mwenyewe hatakumbuka, na cheti mara nyingi kimeshapotea.

@Tabibu wa Wilaya ahsante daktari. Umenikumbusha kuwaambia watu kuhusu fluoksetini. Hii inakaa mwilini muda mrefu, wiki kadhaa, tofauti na sertralini. Kwa hiyo mzee akiachishwa fluoksetini leo, msitegemee sodiamu irudi yote kesho, na kipimo kirudiwe hata kama anaonekana amechangamka.

#9 Kando ya Ziwa

Bibi alibadilishiwa akapewa mirtazapini. Daktari alisema ni salama zaidi upande wa sodiamu. Ni kweli? Na je, akiugua tena sonona asirudishiwe ile ya kwanza kamwe?

#10 Tabibu wa Wilaya

Mirtazapini hatari yake ya kushusha sodiamu ni ndogo zaidi, na kwa mzee asiyekula ina faida kwamba inaleta hamu ya kula na usingizi. Lakini ndogo si sifuri. Naye apimwe baada ya wiki mbili, kisha mara kwa mara, hasa kama bado yuko kwenye dawa ya kukojoza. Ningekuwa namtibu, hiyo ya kukojoza ndiyo ningeitazama kwanza, maana zipo dawa nyingine za presha zisizogusa sodiamu kiasi hicho, kama amlodipini.

Kumrudishia kundi lilelile kunaweza kurudisha tatizo lilelile. Iandikwe kwenye faili lake, na ninyi muwe nayo kwenye karatasi: jina la dawa, na sodiamu ilishuka hadi ngapi. Akihamia kwa mtoto mwingine mkoa mwingine, hiyo karatasi isafiri naye.

#11 Mtaa wa Saba

Nimesoma yote. Mama yangu ana miaka 71, ana kisukari, anapewa amitriptilini usiku kwa ajili ya miguu kuwaka moto. Na ana presha, kidonge chake kina hiyo H. Naye apime?

#12 Mfamasia wa Zamu

@Mtaa wa Saba ndiyo, apime. Amitriptilini inashusha sodiamu mara chache kuliko sertralini na wenzake, lakini hiyo H inatosha kuwa sababu, na umri wake pia. Waombe elektrolaiti, sukari na figo kwa pamoja, damu ichukuliwe mara moja.

Ukimpeleka, mwambie daktari mambo mengine mawili ya amitriptilini kwa umri wake: kama anapata kizunguzungu akisimama kutoka kitandani usiku, na kama mkojo au choo kinagoma kutoka. Kama aliwahi kuwa na tatizo la moyo, litaje kabla hajauliza. Wakati mnasubiri majibu, aendelee na dawa zake kama alivyoandikiwa, ale chakula chake cha kawaida, na anywe maji kadiri ya kiu. Ila akianza kutapika, kusinzia kupita kiasi au kuongea visivyoeleweka, msisubiri majibu, mpelekeni hospitali usiku huohuo na mfuko wa dawa mkononi.